Mtungi Kizingitini

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo wa kwanza alikuwa bado hajawika, na sauti hiyo ilikuwa ikitoka jikoni: jiwe jepesi likisugua tumbo la mtungi kwa ndani. Mama Kokoto alikuwa amezamisha mkono hadi kwapani, shavu ameliegemeza kwenye mdomo wa mtungi, macho ameyafumba. Mikono ikishaizoea kazi, macho yanaweza kuibia usingizi kidogo.

Mtungi ulikuwa umeshika tope. Hii ilikuwa wiki ya tatu mlima ukikichekechea kisiwa majivu membamba kama unga, na hakuna kifuniko kilichoyaweza. Yaliingia kwenye maji, kwenye chumvi, kwenye nywele za watoto. Watu walikuwa wameshayazoea. Ukiishi na mlevi nyumba moja, mwishowe hushtuki akigonga mlango.

Katika nyumba hiyo ya mtaa wa juu waliishi watu wanne. Mama Kokoto alifua mashuka katika zahanati ya bandarini. Mumewe alipakia magunia ya yale mawe mepesi yanayoelea majini, ambayo watu wa ng'ambo hununua kwa kusugulia visigino. Kila siku aliondoka kabla ya wote. Mtoto wao wa kike, mwenye miaka saba, babu yake alimpa jina la Kokoto kwa sababu alizaliwa mdogo na mgumu. Na huyo babu, baba yake mpakiaji, mtaa mzima ulimwita Mzee Tindo.

Mzee Tindo alichonga mawe ya kusagia kwa miaka hamsini, na nyundo ilimla masikio taratibu, kama panya anavyokula gunia. Sikio la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto lilisikia ukiliwekea mdomo na kupaza sauti. Lakini mpe jiwe lolote la kisiwa kile, atalipapasa, ataligonga kwa ukucha, kisha akwambie limetoka mwaka gani. Jeusi zito lenye vitundu vidogo ni la Mwaka wa Giza, babu yake alipokuwa mtoto na jua lilipotea siku nne. La kijivu linalomeguka ni la Mwaka wa Milango. Jekundu ni la Mwaka wa Matope, mpakiaji alipokuwa bado ananyonya. Watu wa pale hawakuhesabu umri kwa kalenda. Waliuliza tu, wewe ulizaliwa kabla ya matope au baada?

Mama Kokoto alimwaga maji machafu, akasuuza mtungi mara mbili. Sasa ulitakiwa uchuruzike. Uani palikuwa na majivu ya kufika vifundoni. Angeulaza ubavu, majivu yangeingia tena na kazi yote ingekuwa bure. Akafungua mlango wa mbele, akafagia kizingiti mpaka jiwe likaonekana, na pale akaufudikiza mtungi, mdomo chini, kitako juu.

Alijua. Hapana mtu wa kisiwa kile asiyejua. Katika Mwaka wa Milango, waokoaji walipita nyumba kwa nyumba wakigonga, na kumi na mmoja walifunikwa na moto wakiwa wanagonga milango ya nyumba zisizo na watu. Mmoja wao alikuwa kaka yake Mzee Tindo. Tangu hapo ikawekwa desturi: anayehama wa mwisho anaufudikiza mtungi kizingitini. Mwokoaji akiuona, hagongi, haiti, anapita. Mtungi hausemi uongo, ndivyo walivyosema. Mtoto akichezea mtungi mlangoni alichapwa makofi na mtu yeyote aliyepita, na mama yake alimshukuru.

Dakika mbili tu, Mama Kokoto alijiambia. Bado ni giza. Nitaugeuza kabla hakujapambazuka.

Akaingia ndani kumsuka mtoto. Ukanda wa kiatu cha Kokoto ukakatika, ikabidi ushonwe. Chai ikafurika ikazima jiko. Mzee alikuwa amelala. Usiku alikuwa amemeza ile dawa ya goti inayomlaza kama gogo mpaka saa nne. Alimfunika miguu, akamwekea chai kwenye chupa na mkate chini ya bakuli. Kisha akamshika Kokoto mkono wakatoka kwa mlango wa uani, kwenye njia ya mkato, wakikimbia, maana walikuwa wameshachelewa.

Mtungi ukabaki mbele.

*

Mlima ulipasuka saa nne kasoro, asubuhi. Zahanatini, Mama Kokoto alikuwa ameshika ncha mbili za shuka na mfuaji mwenzake ncha mbili, wakilikunja. Kwanza madirisha yalilia. Kisha ukaja mshindo ambao watu hawakuusikia kwa masikio bali kifuani, na shuka likawa jeusi mikononi mwao kabla hawajalimaliza.

Kila mtu alijua la kufanya, kwa sababu walilifanyia mazoezi mara mbili kwa mwaka. Walio kazini wanakwenda moja kwa moja kwenye boti. Wanafunzi wanakwenda na walimu wao. Walio majumbani wanafuatwa na lori la waokoaji. Hakuna anayeruhusiwa kupanda juu kumfuata mtu wake, hata awe nani, maana zamani waliokufa wengi walikufa wakipishana njiani, huyu anapanda kumtafuta yule, yule anashuka kumtafuta huyu. Polisi walikuwa wamefunga barabara kwa kamba. Mama Kokoto alifika kwenye ile kamba akaishika kwa mikono miwili. Askari, kijana mwenye majivu kwenye kope, hakumfokea. Alimtoa vidole kimoja kimoja kwenye kamba, akamwambia lori limeshapanda.

"Ana masikio mabovu," alisema Mama Kokoto. "Hatasikia filimbi."

"Wataingia ndani, mama. Wakiona nyumba ina mtu, wanaingia mpaka chini ya kitanda."

Basi akashuka. Bandarini akamkuta Kokoto na walimu, kiatu kimoja mguuni. Wakampata mpakiaji juu ya boti, mweupe kwa vumbi la mawe kana kwamba ametumbukia kwenye unga. Aliwahesabu kwa macho, mmoja, wawili, akauliza baba yuko wapi. Lori litamleta, mkewe alimjibu. Naye akaamini, kwa sababu yeye pia alifundishwa hivyo tangu utotoni.

*

Waliwekwa katika shule moja ya ng'ambo, madarasa manane, watu thelathini kila darasa. Madawati yalirundikwa kwenye uwanja. Wenyeji walileta mikeka, mablanketi, ndoo za maji. Mwanamke mmoja wasiyemjua alitazama miguu ya Kokoto, akavua viatu vya mwanawe pale pale na kumvalisha, na mwanawe akarudi nyumbani kwao peku akilia. Ukubwa ulikuwa umepita kidogo. Mama yule alisokota karatasi akaziba mbele.

Boti la mwisho, lililobeba watu wa lori, lilifika saa nane mchana. Mpakiaji na mkewe walisimama gatini wakitazama kila uso. Walishuka wazee, wagonjwa kwenye machela, mjamzito, kipofu na mkewe. Walishuka waokoaji wenyewe, barakoa zimening'inia shingoni. Kisha nahodha akafunga mlango wa boti.

Shuleni, karani aliyekuwa na orodha alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamemfika kifuani. Alipitisha kidole kwenye karatasi, akakipitisha tena. Nyumba yao ilikuwa imeandikwa tupu.

"Tupu vipi?" aliuliza mpakiaji.

"Tupu, kaka. Haina mtu. Imeandikwa na kikosi."

Kikosi cha mtaa wa juu kiliongozwa na mwoka mikate. Alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye kila Ijumaa aliwabakishia wajane mikate ya jana na kuwaambia imeungua ili wasione haya kuipokea. Walimkuta amekaa kwenye ngazi za darasa akijaribu kunywa maji. Mpakiaji alimwinamia, akamwuliza kwa sauti ya chini sana kama aliingia nyumbani kwao.

"Sikuingia," alisema mwoka mikate. "Mtungi ulikuwa umefudikizwa."

Mama Kokoto alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na kikombe cha bati mkononi. Aliona kizingiti, ufagio, kitako cha mtungi kimeelekea juu, na matone yakichuruzika kwenye jiwe safi. Kikombe hakikuanguka. Ajabu ni kwamba alikishika vizuri zaidi.

"Unasema uongo," alisema mumewe.

"Niliuona kwa macho yangu haya. Nilisimama, maana najua mzee yupo pale na masikio yake. Niliinua mkono nigonge. Kisha nikasema, mtungi hausemi uongo. Nikapita."

"Nani aliufudikiza? Jini? Mimi nilitoka gizani, mke wangu alikwenda kazini, mtoto shule. Nani? Wewe ulichoka kupanda, ukaona yule ni mzee, ni kiziwi, ni mzito, ukampita."

Watu walikuwa wameshakusanyika, kama wanavyokusanyika watu wasio na kazi na wenye hofu. Mmoja akasema, haya basi, mwoka mikate amemwoka mzee wa watu. Wawili watatu walicheka, kicheko kile cha mtu ambaye watu wake wamesalimika. Mke wa mwoka mikate alikuja, akamshika mumewe mkono, na walipoingia darasani waliokuwa mkeka wa jirani walivuta mkeka wao pembeni.

Mama Kokoto alitaka kusema. Alifungua kinywa mara tatu. Mara ya kwanza mumewe alikuwa akipiga kelele. Mara ya pili Kokoto alimvuta gauni kuuliza babu amelala wapi. Mara ya tatu hapakuwa na sababu yoyote, ila maneno yalifika kwenye meno yakarudi.

*

Mkuu wa uokoaji alikuwa amepewa ofisi ya mwalimu mkuu. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti imemkauka, na mbele yake pana ramani, redio na kikombe cha chai iliyopoa. Aliwasikiliza mpakiaji na mwoka mikate pamoja. Alisema kuna boti moja dogo linaloweza kurudi kabla jua halijazama. Mlima ulikuwa umetulia kidogo, lakini juu kileleni palikuwa na ziwa la matope, nalo likipasua ukingo litashuka na mtaa wa juu wote. Hawezi kutuma watu wanne kwenye nyumba yenye alama ya kuwa tupu.

"Kama mtungi ulifudikizwa," alisema, "basi mzee alitoka. Ameufudikiza yeye mwenyewe, akaenda kwa jirani, au ameshuka na watu wengine na yupo shule nyingine. Nitauliza kwa redio. Na kama haukufudikizwa, mwokoaji wangu amenidanganya, nami sitampeleka mtu popote kabla sijaujua ukweli. Niambieni lipi ni lipi."

Mwoka mikate alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema polepole kwamba labda alikosea nyumba. Majivu yalikuwa mengi. Labda mtungi ulikuwa wa nyumba ya jirani. Sasa hata yeye hajui tena alichokiona.

Hapo Mama Kokoto, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni, akasema, "Hakukosea."

Wote wakageuka.

"Hakukosea nyumba. Niliufudikiza mimi."

Mumewe alimtazama kana kwamba amesema kwa lugha ya watu wengine.

"Nilikuwa naosha," alisema. "Ulishika tope. Niliuweka uchuruzike. Nikausahau."

Mkuu wa uokoaji aliweka kalamu chini. Alimwuliza kama yeye ni mzaliwa wa kisiwa. Akajibu ndiyo. Alizaliwa kabla ya matope au baada? Baada. Shule alisoma huko huko? Ndiyo.

"Mama, watoto wa darasa la kwanza wanalijua hili."

"Najua."

"Uliweka mtungi kifudifudi kizingitini, mlima unatoa majivu, na ndani kuna mtu asiyesikia."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya kuosha."

"Ndiyo, afande. Kwa ajili ya kuosha."

Mlango ulikuwa wazi, na nyuma yake palikuwa na foleni ya watu wanaosubiri mablanketi. Habari ilisafiri nyuma ya foleni haraka kuliko moto wa makuti. Mama Kokoto alisikia mtu akiguna, mwingine akisema, mtu mzima hovyo. Hakugeuka. Saa moja na nusu ilikuwa imepita tangu aliposhika kile kikombe cha bati, na aliihesabu yote, dakika kwa dakika, kwenye koo la mkwewe linalomeza majivu.

Mkuu wa uokoaji alikuwa ameshanyanyua redio. Alisema mzee yumo ndani, mtu mmoja, hasikii, goti bovu. Aliuliza nani anaijua nyumba hata gizani. Mpakiaji akasogea mbele, akakataliwa. Ndugu haruhusiwi, ndugu hupoteza akili. Basi mwoka mikate akapandisha barakoa yake usoni.

"Mimi naijua," alisema. "Leo nimesimama pale mlangoni."

Akapita karibu na Mama Kokoto akitoka. Angeweza kumwambia lolote, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimwambia amnyweshe mtoto maji, midomo yake imekauka.

*

Walimleta jua likizama. Mwoka mikate alikuwa amembeba mgongoni kutoka nyumbani hadi gatini, maana machela ilikuwa ikizama kwenye majivu. Mzee Tindo alikuwa wa kijivu mwili mzima, kama jiwe mojawapo alilolichonga. Alipumua kwa sauti ya msumeno. Walimpitisha moja kwa moja hadi hospitali ya mji ule, na mpakiaji alikimbia kando ya machela ameshika kisigino cha baba yake, kwa sababu ndicho pekee alichoweza kukifikia.

Siku iliyofuata ziwa la kileleni lilipasuka. Watu walisimama ufukweni wa ng'ambo wakatazama mtaa wa juu ukishuka. Haukushuka kwa kishindo. Ulishuka kama uji unaofurika, bila haraka. Nyumba yao ilikuwa ya nne kutoka kanisani. Kanisa lilipozama hawakuhesabu tena.

Mpakiaji hakumpiga mkewe, hakumtukana. Alihamisha mkeka wake pembeni, akalala na mtoto katikati yao. Alipotaka kumwambia jambo alimtuma Kokoto. Mwambie mama yako chakula kimefika. Mwambie mama yako zamu ya hospitali ni yake. Nauli ilitosha mtu mmoja kwa siku, kwa hiyo walikwenda kwa zamu.

Na kila mmoja, kwa zamu yake, aliliona jambo lile lile bila kuambiana. Mzee hakuwa mzee wao. Yule mtu aliyekuwa akigombana na mkwewe kuhusu chumvi, aliyempigia mwanawe kelele kwa kuvaa viatu ndani, sasa alikuwa na adabu kama mgeni. Alisema asante kwa kila kijiko. Akifunikwa, asante. Akigeuzwa, samahani. Muda wa kutazama wagonjwa ukiisha hakuuliza watarudi lini. Alisema, "Msijisumbue," akageukia ukuta.

Daktari alisema mapafu yameingia majivu mengi na majivu ya mlima si kama ya jikoni, ni kioo kilichosagwa. Watajaribu. Hakusema zaidi ya hapo, na mpakiaji, ambaye alikuwa mtu mzima na alielewa, hakumwuliza zaidi.

Siku ya nne Mama Kokoto alimkuta mwoka mikate kwenye lango la hospitali na mkate mmoja chini ya kwapa. Jikoni kwa wenyeji walikuwa wamempa tanuri kwa saa mbili. Aliupokea mkate. Alijaribu kumwomba msamaha, na yeye akautingisha mkono kama mtu anayefukuza inzi. Lakini hakuondoka. Alikanyagakanyaga pale pale, kisha akasema kuna jambo ambalo hakuliandika kwenye ripoti.

"Tulipofika mtungi ulikuwa pale pale. Mlango umefungwa. Lakini kizingitini, chini ya upenu, palikuwa na nyayo, za peku, mguu mmoja unaburuza. Zilitoka ndani, zikafika mpaka kwenye mtungi. Zikasimama. Majivu yalikuwa yamekanyagwa, alisimama muda. Kisha zikarudi ndani."

Mama Kokoto aliukumbatia mkate.

"Angeugeuza tu," alisema mwoka mikate. "Tulikuwa bado tunapita mtaa wa nyuma. Angeugeuza tungemwona tukishuka. Tulimkuta kitandani amejifunika shuka mpaka kidevuni, amefunga vifungo vyote vya shati. Hilo ndilo nimeshindwa kulielewa."

Yeye alilielewa. Mzee alikuwa na mzaha wake. Goti likimwuma, au akishindwa kupanda ngazi, alisema, siku nikiwashinda kubeba, fudikizeni mtungi mwende zenu. Kulikuwa na nyumba moja, Mwaka wa Matope, iliyosemwa kwa minong'ono kwamba ilifanya hivyo. Kila alipoutoa mzaha huo, Mama Kokoto alimpigia kelele sikioni kwamba angeubeba mlima kwanza kabla ya kumwacha yeye, na mzee alicheka mpaka akakohoa.

Alikuwa ameamka, akapapasa njia hadi mlangoni, akakuta mtaa mtupu na mtungi kifudifudi. Akasoma. Naye hakutaka mwokoaji afe kwenye mlango wake kama kaka yake alivyokufa kwenye mlango wa wengine. Akarudi kulala.

*

Mpakiaji alikuwa kwenye benchi nje ya wadi. Alikuwa ametembea kwa miguu kuja, ingawa haikuwa zamu yake. Mkewe alimweleza habari ya nyayo. Alisikiliza huku akitazama mikono yake. Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao bila mtoto kuwa katikati.

"Anadhani tulikubaliana kumwacha," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Siku nne anatuambia asante." Alifuta pua kwa kiganja. "Mwambie wewe. Mimi nikipaza sauti nitalia, hatasikia kitu."

Wadi ilikuwa na vitanda vinane. Mzee Tindo alikuwa cha dirishani, mpira wa hewa puani. Alipomwona alijaribu kukaa vizuri, kama anavyofanya mtu mbele ya mgeni. Mama Kokoto alipiga magoti upande wa kushoto, akaweka mdomo kwenye sikio lake. Alianza kwa sauti ya kawaida, na mzee akatikisa kichwa, hasikii.

Hapakuwa na njia nyingine. Akavuta pumzi, akapiga kelele.

"Baba! Mtungi niliufudikiza mimi!"

Vitanda saba vikanyamaza. Muuguzi aliyekuwa akipima joto alisimama na kipimajoto mkononi.

"Najua, mwanangu," alisema mzee kwa upole. "Mlifanya vizuri. Mtoto ni mdogo."

"Hapana! Hukunielewa! Nilikuwa naosha! Uliingia tope, nikausugua alfajiri, nikauweka uchuruzike, nikausahau! Nilikwenda kazini! Sikujua mlima utapasuka! Hakuna aliyekuacha, baba! Nilikuwa naosha tu!"

Sauti ilimkatika. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee mwingine aliyevunjika nyonga, alisema taratibu kwa wadi nzima kwamba basi, watu watazame madirisha. Wakageuza vichwa, wote, hata muuguzi.

Mzee Tindo alikuwa akitazama dari. Kifua kilipanda kikashuka kwa ile sauti ya msumeno. Mkono wake ulikuwa ukipapasa shuka, kama unavyopapasa jiwe ukitafuta mwaka wake.

"Alfajiri," alisema. "Nikiwa usingizini nilihisi mkwaruzo sakafuni. Nilidhani mnafunga mizigo."

"Nilikuwa nasugua mtungi!"

"Kwa lile jiwe nililokuchongea?"

"Kwa lile lile!"

"Mtu na akili zake," alisema mzee, "anaosha mtungi mlima unamwaga majivu." Akaanza kucheka, na kicheko kikawa kikohozi, na kikohozi kikawa kitu kingine, muuguzi alikuja mbio akamwinua, na Mama Kokoto alimshika mgongo mpaka kikapita. Kwenye kitambaa palibaki doa la kijivu lenye wekundu. Alilikunja ndani mzee asilione, naye aliliona.

Mlangoni mpakiaji alikuwa amesimama, bega kwenye fremu. Alikuja akaketi miguuni pa kitanda, akashika tena kile kisigino.

Kengele ya kumaliza muda ilipolia, Mama Kokoto aliweka mkate chini ya bakuli, kama alivyozoea. Alinyanyuka. Alikuwa ameshaujua usemi utakaofuata, ule wa msijisumbue, na alikuwa ameukazia moyo. Lakini kidole kimoja kilikuwa kimenasa kwenye upindo wa gauni lake, kidole kinene cha mchonga mawe, na hakikuachia.

"Kesho," alisema Mzee Tindo, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, mpaka vitanda vyote vikasikia. "Kesho mje tena. Mje na Kokoto. Mje mapema."